Jipimie kwa Macho

Bi. Thelma Prouse alikuwa na duka la nguo za kike, kioo kimoja kirefu, na akili ya kumfikisha Jumamosi mchana tu, maana Jumapili mchungaji ndiye aliyefikiri kwa niaba yake. Nasema hivyo nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na sina nia ya kulainisha maneno. Duka lake lilikuwa barabara kuu ya Wilgarra, kati ya benki na bucha, na wanawake wote wa mji walinunua kwake, kwa sababu mji mwingine wenye gauni la maana ulikuwa mwendo wa nusu siku kwa gari, vumbi na kondoo njia nzima.

Sisi weusi wa kituoni, makazi tuliyotengewa na serikali ng'ambo ya mto, kununua tuliruhusiwa. Hapo Bi. Prouse hakubagua hata kidogo. Pesa yetu aliipokea kwa mkono uleule aliopokelea ya mke wa meneja wa benki. Lakini kujaribu nguo, hapana. Nyuma ya duka palikuwa na chumba kidogo chenye pazia la kijani, na ndani yake ndiko kilikokuwa kile kioo. Pazia hilo halikuwahi kufunguliwa kwa mtu mweusi. Ukiuliza, anakutazama kuanzia viatu kwenda juu, halafu anasema kwa sauti ya upole, "Jipimie kwa macho, mpenzi." Basi unajipimia kwa macho. Ukifika nyumbani, gauni limekubana kwapani hata mkono haunyanyuki, na kulirudisha huwezi, maana limeshakugusa.

Wifi yangu Verna Coombes, dada wa mume wangu, ndiye aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za nusu ya wanawake wa mji huo. Shuka zao, chupi zao, nepi za watoto wao, na magauni yaleyale ya Bi. Prouse wakishayatia jasho. Hakuna aliyeona ajabu. Mkono wa Verna ukiwa ndani ya povu lao ni safi. Ukitoka ukajikausha, ni mchafu. Na walioamini hivyo ni watu waliosoma, daktari wa mji akiwa mmojawapo.

Mwaka wa sitini na nne, joto la kuelekea Krismasi lilipoanza, Glenys, binti wa Verna, alipata nafasi ya kusomea uuguzi Sydney. Hakuna msichana wa kituoni aliyewahi kupata nafasi kama hiyo. Verna alishinda siku nzima akipiga pasi na kutabasamu kwenye kola za watu. Halafu akaniambia, "Noreen, mwanangu hataingia Sydney na gauni la kuokotwa. Twende kwa Prouse."

Dukani ilikuwepo suti ya rangi ya bluu iliyokolea, sketi na koti lake. Glenys aliiona tangu mlangoni, nami nikaona alivyoiona. Verna akaitoa kwenye hanga, akaikunja mkononi kwa adabu.

"Habari za asubuhi, Bi. Prouse. Tunaomba binti aijaribu hii."

"Jipimieni kwa macho, mpenzi."

"Anakwenda kusomea uuguzi. Ikimbana hataweza kuirudisha. Hata dakika mbili hazitaisha."

"Hongera yake," Bi. Prouse akasema. "Aishike mbele yake hivi, ajitazame kwenye dirisha."

Glenys akasema taratibu, "Mama, tuondoke."

Hapo hapo pazia likafunguka, akatoka Bi. Haddow, mke wa daktari, uso mwekundu, nywele zimemganda shingoni. Mkononi ana gauni la maua lililolowa makwapani.

"Hapana, Thelma," akasema. "Linanibana."

"Usijali kabisa," Bi. Prouse akasema. Akalichukua lile gauni na jasho lake, akalirudisha mahali pake, pamoja na mengine, limsubiri mteja.

Verna alilitazama lile gauni. Kisha akalitazama pazia. Akasogea mpaka mbele ya chumba kile, akasimama, suti mkononi.

"Nini tena?" Bi. Prouse akauliza.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Zamu yangu."

Akasimama. Glenys alitoka nje akilia; mimi nilibaki, nikiwa sijui niweke wapi mikono yangu. Waliingia wateja, wakatoka. Bi. Prouse alipangua na kupanga soksi zilezile. Mara akohoe, mara afungue droo aifunge. Saa ya kufunga ilipofika, akasema duka linafungwa. Verna akamshukuru, akairudisha suti kwenye hanga, akainyoosha bega, akasema, "Tutaonana kesho."

Njiani, tulipofika darajani, nikamuuliza kwa nini hakumwambia ukweli wake.

"Ukweli upi?"

"Kwamba yeye ni kinyaa."

"Nikipaza sauti, watasema nimelewa," Verna akasema. "Nikimgusa bega, watasema nimempiga. Nikisimama tu, watasema nini?"

"Hao hawakosi la kusema."

"Basi waliseme mbele ya wateja."

Kesho yake tulikwenda wanne. Wiki iliyofuata tulikuwa mstari mzima, kutoka pazia mpaka kwenye rafu ya kofia. Verna alitupa masharti yake jikoni kwake, huku akikata mkate. Kila mtu avae nguo za kanisani. Kila mtu avae glovu, hata kama za kuazima, ili asije mtu akasema tumechafua kitu. Kila mtu achukue vazi moja alishike vizuri. Ukitukanwa, hujasikia. Ukisukumwa, rudi mahali pako. Ukiambiwa na polisi utoke, toka, kisha urudi kesho.

"Na kuongea je?" akauliza Shangazi Pearl, ambaye miguu ilikuwa imemvimba lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Kuongea ni 'habari za asubuhi' na 'asante.'"

"Hayo si maongezi. Hiyo ni hotuba ya gavana."

Nimewahi kuona watu wakiogopa mafuriko, wakiogopa moto wa nyika. Sijawahi kuona watu wakiogopa kitu kama wanawake wa Wilgarra walivyoogopa mstari wa wanawake wenye glovu. Akiingia mmoja wao anachagua gauni lake kwa furaha, anakwenda nyuma, anakuta sisi. Tunampisha, maana hatukumzuia mtu. "Habari za asubuhi," tunasema wote. Anaingia, anafunga pazia. Unaona vidole vyake vimelishika pazia kwa ndani, asije akafunguliwa. Kisha anatoka na nguo zake zilezile, hajavua hata kiatu, anamwambia Bi. Prouse atakuja siku nyingine.

Mmoja alisema kwa sauti, ili tusikie, "Mimi siwezi kuvua nguo watu hawa wakiwa hapa."

Shangazi Pearl akashindwa. "Usiogope, mwanangu," akasema. "Chupi yako ya lastiki iliyokatika tunaijua, huanikwa kwetu kila Jumatatu."

Verna hakumwambia kitu ndani. Alimsubiri barabarani.

"Shangazi, kesho utabaki nyumbani."

"Kwa neno moja?"

"Walikuwa wanatuonea aibu. Sasa wanatuchukia. Aibu ndiyo niliyokuwa naitaka."

Shangazi Pearl alinuna wiki nzima, kisha akarudi na midomo ameibana kama mkoba.

Wanawake wa mji wakaacha kumpa Verna nguo za kufua. Wote kwa pamoja, kama kondoo wanaoruka pengo. Tukakaa tukiangalia kamba zao za nguo kutoka ng'ambo ya mto: shuka za kijivu, mashati yamejikunja. Walivumilia kwa muda, halafu mmoja akaleta kikapu kwa mlango wa nyuma, saa za magharibi, kimefunikwa gazeti, asionekane na mwenzake. Alipofika kwa Verna alikuta vikapu vingine vitatu vimefunikwa gazeti hilohilo. Hivyo ndivyo ulivyokuwa msimamo wao. Ulidumu mpaka mashati ya waume yalipoisha kabatini.

Lakini sitaki mtu afikiri ulikuwa mchezo. Bwana Tranter, meneja wa kituo, alikuja nyumbani kwa Verna na soksi zake zimevutwa mpaka magotini, kama mvulana mkubwa wa shule aliyekataa kufukuzwa. Hakubisha hodi. Hakuwahi kubisha hodi nyumba yoyote ya kwetu. Akafungua kabati la chakula, akafunga, akapitisha kidole juu ya dirisha akakitazama.

"Nyumba hii ina watoto wangapi, Verna?"

"Unajua, Bwana Tranter. Wewe ndiye unayewahesabu."

"Mama anayeshinda dukani, watoto wanaangaliwa na nani? Watu wa Ustawi wa Jamii wataniuliza."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Dada yake Shangazi Pearl aliondolewa wanawe wawili kwa neno kama hilo, wakapelekwa kwenye nyumba za mbali, na mmoja mpaka leo hajulikani aliko. Tranter alikuwa mtu asiyeweza kuwasha jiko la kuni bila kumwita mtu, lakini alipewa ufunguo wa kufungua mlango wa mama yeyote na kubeba mtoto. Ndiyo kazi aliyoajiriwa. Na alikuwa akienda kanisani.

Baada yake akaja Mjomba Clarrie, mtu wetu wenyewe, aliyeruhusiwa kukaa kwenye baraza ya Tranter na kupewa chai kwenye kikombe chake mwenyewe, kilichotundikwa nje kwenye msumari.

"Wanangu, mnawaudhi wazungu," akasema. "Bwana Tranter ameongea nami kama rafiki."

"Kikombe chake yeye kinakaa wapi, Mjomba?" Verna akamuuliza.

"Ndani, kabatini."

"Na chako?"

Mjomba Clarrie akavaa kofia yake akaondoka.

Wanawake kadhaa walibaki nyumbani kuanzia siku hiyo, wala siwalaumu, kwa sababu walikuwa na watoto wadogo. Verna naye alikuwa na wadogo wawili. Aliwapeleka kwa mama yangu, kituo kingine, ng'ambo ya mto wa pili, wakae huko mpaka mambo yaishe. Alipotoka kuwasindikiza macho yalikuwa yamevimba. Akanawa uso, akavaa glovu.

Wakamkamata Ijumaa. Bi. Prouse alimwita Sajini Mulcahy akamwambia kwamba Verna alitaka kutoka na suti bila kulipa. Suti wakati huo ilikuwa kwenye hanga. Verna alikuwa ameirudisha kwa mikono yake, saa ya kufunga, kama kila siku, na Bi. Haddow alikuwa amesimama palepale akichagua vifungo, akamwona. Hata alimpisha. Sajini alijua ni uongo. Alimshika Verna mkono huku akitazama dari, na Verna akaenda naye bila kuvutwa, mgongo umenyooka, mpaka Sajini akaonekana kama ndiye anayepelekwa.

Mahakama ya Wilgarra ilikuwa chumba chenye nzi wengi kuliko haki. Hakimu alikuja kutoka mji mwingine na alikuwa na haraka ya kurudi. Bi. Prouse akasema uongo wake. Kisha wakamwita Bi. Haddow.

"Ulikuwepo dukani?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona mshtakiwa akijaribu kutoka na nguo hiyo?"

Mke wa daktari alitazama glovu zake. Zilikuwa glovu nzuri sana, za ngozi. Akatazama mume wake, akatazama Bi. Prouse, ambaye alimuuzia kila kitu alichovaa. Ingetosha neno moja, "hapana", neno ambalo lisingemgharimu hata kifungo.

"Sikumbuki vizuri," akasema.

Hakimu akampa Verna faini au jela. Pesa ya faini tulikuwa nayo, tulishachangishana. Verna akasema, "Hakuna nilichoiba, kwa hiyo hakuna ninachodaiwa." Akafungwa katika selo ya nyuma ya kituo cha polisi, yenye bati linalowaka mchana kama kikaango. Sisi tukaenda dukani, tukasimama.

Bi. Haddow alimpelekea keki. Naapa. Keki ya matunda ya Krismasi, imefungwa kwa karatasi nzuri, pamoja na salamu kwamba anamwombea. Mimi ndiye niliyeipokea pale mlangoni kwa Sajini, nikampelekea Verna, tukaitazama pamoja kupitia vyuma. Ilikuwa inanukia.

"Tufanye nini nayo?" nikauliza.

"Mrudishie. Mwambie tumeipima kwa macho, haitutoshi."

Niliirudisha mwenyewe, mlango wa mbele, nikasema maneno hayohayo. Mke wa daktari akawa mwekundu mpaka masikioni. Nimesikia baadaye kwamba alikuwa akisimulia habari hizo kwenye chai zao kama mfano wa utovu wetu wa shukrani.

Habari za mwanamke aliyefungwa kwa kusimama zilivuka mto. Wanawake wakaja kutoka vituo vingine, nyuma ya malori ya sufu ya kondoo, glovu zao mifukoni zisiingie vumbi. Mstari ukatoka nje ya mlango ukafika bucha. Bwana wa bucha akatoka na aproni yake ya damu, akatutazama, akarudi ndani, maana nasi tulikuwa tunanunua nyama, na nyama hakuna aliyetaka kuijaribu kwanza.

Hapo Bi. Prouse akafanya jambo ambalo hata adui yake mwenye ubunifu asingelifikiria. Akamwita fundi seremala, aking'oe chumba. Pazia likaondoka, kioo kikageuzwa ukutani, mahali pakajazwa maboksi ya viatu. Akabandika tangazo kwamba kuanzia sasa mteja yeyote, narudia, yeyote, hataruhusiwa kujaribu nguo. Kuliko mwanamke mweusi avue gauni nyuma ya pazia lake, bora mji mzima ujipimie kwa macho.

Na ukajipimia. Dansi ya Krismasi ya manispaa ilikuwa karibu, kila mmoja anataka gauni jipya. Mke wa meneja wa benki, mwanamke mnene anayejiona mwembamba, alichagua la hariri kwa namba aliyovaa alipoolewa. Lilipasuka mgongoni katikati ya ukumbi, bendi ikipiga, akiwa mikononi mwa meya. Sikuwepo, hatukuruhusiwa ukumbini. Lakini gauni lililetwa kwa Verna kushonwa, alipotoka selo, likiwa kikapuni chini ya gazeti. Mpasuko ulianzia shingoni ukaishia mahali ambapo sitapataja.

Verna alilishona vizuri sana. Hakucheka. Shangazi Pearl alicheka kwa niaba ya ukoo.

Haki haikumgusa mtu yeyote Wilgarra, hata mchungaji. Mpasuko ule uliwagusa. Wake za wakubwa wakamwendea Bi. Prouse mmoja mmoja wakimwambia wazimu huu umetosha, wao hawawezi kuteseka kwa sababu ya watu wa ng'ambo. Mwezi wa kwanza fundi seremala akaitwa tena. Pazia likarudi. Hapakuwa na tangazo, hapakuwa na neno la kuomba radhi. Bi. Prouse alisimama nyuma ya kaunta, akatazama soksi zake, akasema, "Haya, ingieni, basi."

Glenys alikuwa ameshaondoka. Treni yake iliondoka kabla mama yake hajatoka selo. Alikwenda na suti yangu ya zamani, ya kahawia, tuliyoipunguza kiunoni usiku kucha, na kwa bahati ilimkaa. Yule wa kwanza aliyehitaji pazia lile hakuwahi kuliingia, na mpaka leo hajalisamehe. Alipokuwa muuguzi mkuu wa wodi, alikuwa akinunua nguo zake kwa fundi tu.

Siku hizi vijana wa mji huandika historia, wanakuja kwangu na vinasa sauti. Wananiambia kwa upole kwamba Bi. Prouse alikuwa mtu wa wakati wake. Nawauliza, sisi tulikuwa watu wa wakati wa nani? Verna alizaliwa mwaka mmoja naye. Walinyweshwa maji ya mto mmoja. Mmoja akakua Verna, mwingine akakua Prouse, na wakati hauna hatia hapo.

Ile asubuhi ya kwanza pazia liliporudi, tulikwenda na Verna wawili tu. Hakuvaa glovu. Akachukua gauni la kijivu lisilo na kitu, akaingia, akafunga pazia. Mimi nikasubiri nje na mkoba wake. Bi. Prouse akajifanya anaandika. Nikasikia zipu, nikasikia kiti kikiburutwa, halafu sikusikia kitu. Muda ukapita. Mteja mmoja mzungu akaja, akaona nimesimama, akaketi kwenye benchi kungoja nyuma yetu, na gauni lake mapajani.

Nikaogopa. Nikasogeza pazia kidogo. Verna alikuwa ameketi kwenye kile kiti kidogo, amevaa gauni la watu, mikono magotini, anajitazama kwenye kile kioo kirefu. Nyumbani kwetu vioo vyote vilikuwa vya kunyolea ndevu. Unajiona jicho, au sikio, au kidevu. Hakuwahi kujiona mzima, kutoka nywele mpaka vidole vya miguu, tangu azaliwe.

"Noreen," akasema bila kugeuka, "mbona hamkuniambia kama nimefanana hivi na mama?"

Nikaingia ndani, nikavuta pazia nyuma yangu, nikasimama karibu naye tujitazame wote wawili. Nje, Bi. Prouse akakohoa. Tulimwacha akohoe.